Nafasi ya Mia Tatu na Nne

Mwezi uliopita mama mmoja wa Njoro,
Taprandich, alipanda ngazi hadi ofisini kwetu
na kadi ya maziwa iliyokunjwa mara nne.
"Ng'ombe alikamuliwa," alisema. "Nilimkamua mimi."
Jina lake halikuwa kwenye malipo.
Nilimjibu kwamba kompyuta haina upendeleo.
Alitazama gambuti zake, akashuka.

Leo usiku, Kiamunyi, chai imeota ngozi,
naendesha programu bila kugusa hata nukta.
Wakulima mia sita wanaingia.
Wanatoka mia tano tisini na tisa.
Naendesha tena: mia tano tisini na saba.
Mara ya tatu, mia sita kamili,
na hiyo ndiyo iliyonitia baridi.

Mimi ndiye niliyekichoka kitanzi kimoja
kilivyojikokota, mkulima kwa mkulima.
Nikakipasua nyuzi nane, zikimbie sambamba,
zote ziandike kwenye orodha moja.
Haba na haba, nilijisemea.
Sikuuliza haba mbili zikifika pamoja.

Uzi wa pili unauliza: nafasi gani i wazi?
Mia tatu na nne.
Uzi wa sita, papo hapo, kabla wino haujashuka:
nafasi gani i wazi?
Mia tatu na nne.
Wa pili unaandika Taprandich, lita mia mbili kumi na moja.
Wa sita unaandika Kimosop juu yake.
Hakuna kelele. Hakuna kosa lililoripotiwa.
Mafahali wawili wangevunja zizi, tungesikia.
Hizi zinafutana kwa adabu.

Natia kufuli mlangoni mwa orodha.
Hesabu inanyooka, lakini nyuzi saba
zinapanga foleni kuungoja mmoja,
na tumerudi kule kule kwa kujikokota.

Ndipo nakumbuka kituo chao cha maziwa:
makarani wanne, mizani nne,
kila karani na daftari lake,
na jioni mtu mmoja, mmoja tu,
anayajumlisha.
Wao walijua.
Kadi ile ilikuwa sahihi tangu alfajiri yake.

Nang'oa kufuli. Kila uzi naupa daftari.
Naendesha mara arobaini.
Mia sita. Mia sita. Mia sita.

Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili.
Nitakuwa langoni kabla ya ndoo ya kwanza.
La kusema bado sijalipata.
Na mvua hii yote,
gambuti sina.