Makoti Thelathini na Moja

Nilishona makoti thelathini na moja, yote sare,
ya mtu mmoja.
Manne ya kuungua, sita ya kulowa,
mawili ya risasi: moja tundu mbele, moja tundu mgongoni,
na moja safi, la bango.
Kumi na manane yaliyobaki yalikuwa ya Velichko,
jirani yetu wa ghorofa ya tatu,
ambaye kazi yake ni kuanguka.

Majira ya baridi mwaka juzi walifunga mtaa wetu hapa Sofia
usiku kumi na moja.
Kibao cha duka la mikate kikafunikwa,
tramu ikapakwa rangi nyekundu,
tukaamka tunaishi Vienna.
Bibi Tsonka wa duka la dawa alilipwa azime taa;
alisema hajawahi kulipwa vizuri hivyo kwa kukaa gizani.

Velichko alianguka kutoka paa la duka hilo
mara tisa.
Ya tisa, mtulinga ukavunjika.
Mwongozaji akapiga makofi: hiyo ndiyo!

Alhamisi tulikwenda kuitazama.
Tiketi nne, bisi, Velichko kavaa tai.
Milioni mia mbili, yaliandika magazeti, nami nikawaza
milioni mia mbili hutoa sauti gani zikimwagwa.
Hutoa sauti ya gari.
Gari, kisha gari, kisha helikopta,
kisha mtu anakimbia na sanduku
ambalo hatuambiwi lina nini,
akifukuzwa na watu ambao nadhani nao hawakuambiwa.
Saa mbili na dakika arobaini, anakimbia tu.
Nimewahi kukimbilia basi kwa sababu nzuri zaidi.

Bomu likalipuka, mume wangu akapiga mwayo.
Adui akaeleza mpango wake wote kwa utaratibu
kama karani wa posta anayetaka kufunga,
na bado hatukuelewa.
Mke wa shujaa alikufa mapema
ili shujaa awe na cha kuwazia dirishani.
Nilimhurumia yule mwigizaji: ametoka mbali, kafa dakika ya sita,
na gauni lake lilikuwa na pindo zuri.

Ndipo likaja paa.
Nikamshika mkono Yoana, binti wa Velichko.
Giza. Mvua ya bomba. Kamera inatetemeka
kana kwamba imebebwa na mgonjwa wa homa.
Kitu cheusi kikapita, puu,
na kilipoinuka kilikuwa na uso wa nyota,
hauna mkwaruzo, hauna hata jasho.

"Baba, huyo ni wewe?"
"Huyo ni koti," akasema Velichko,
akaendelea kutafuna.

Tulibaki hadi majina yaishe.
Yalipanda mbiombio: wapishi, madereva,
watunza farasi ambao hatukuwaona.
Langu lilipita limekosa herufi.
Kuhusu lake, Velichko anasema
wakati huo alikuwa anatafuta glavu chini ya kiti.
Mfagizi alishafika safu ya nne.
"Angalau viti ni laini," alisema mume wangu nje, thelujini,
na hakuna aliyembishia.

Koti moja halikutumika. Nililitorosha
ndani ya mfuko wa kabichi.
Velichko hulivaa akienda kutupa takataka.
Jana barafu ya mlangoni ilimteleza;
alianguka polepole, kwa mpangilio, ndoo mkononi,
maganda ya viazi yakatawanyika hadi barabarani.
Nilikuwa dirishani, sindano mdomoni.
Akainuka, akajipangusa, akatazama juu.
Nikamwona uso.

Kisha akaanza kuokota maganda.