Hodi Nne

Anwani ni moja: mkwaju, kisha karafuu.
Si miti miwili; ni mlango wa mizani, Wete,
nilioujenga kwa mistari thelathini.

Asemaye "naomba nione", mpishe.
Asome daftari, aondoke,
wino ubaki ulivyokuwa.
Mwenye gunia, pima, andika.
Wa tatu kaja kusahihisha:
kilo arubaini, si arubaini na nne.
Wa nne anataka jina lifutwe.
Huyo muulize ni nani.
Mtu hafutwi na mpita njia aliyechungulia.

Zamani hodi zote niliziitikia "karibu" ileile.
Mtandao ukasuasua, Faki akabonyeza,
akabonyeza tena,
na gunia la Bi Mkasi likalala ghalani mara mbili.
Alirudi kesho yake na nusu ya pesa
kaifunga kwenye pindo la kanga:
"Karafuu zangu hazizai usiku, mwanangu."

Sasa kila hodi ina mpokezi wake.
Na ajaye na kitenzi nisichokijua
simbamizii mlango.
Namjibu mia nne na tano,
kisha namtajia, moja moja,
hodi zinazoitikiwa hapa.