Sumaku ya Spika

Fundi Namkopi, pale Nachingwea, aliing'oa
kwenye spika iliyokufa,
akaisogeza usoni pa runinga ya kichogo.
Msoma habari akapinda shingo,
mashavu yakawa kijani, kisha zambarau.

"Kinachovutwa hivi kina chaji," akasema,
"na ni kidogo kuliko atomu."

Shuleni tulishaambiwa atomu ni mkate,
elektroni ni zabibu humo ndani.
Kipindi kilichofuata mkate ukafutwa ubaoni;
pakabaki kiini, na uwazi mtupu.

Nikamwambia Somoe: labda ni bibo,
korosho yake inaning'inia nje.
Akacheka. "Basi nani wa kwanza kuichuma?"

Umeme ukakatika.
Katikati ya kioo, nukta nyeupe
ikakawia kufa.