Hela

Mwezi wa tisa waliingia, hakuna aliyewapiga.
Bendera moja ilishuka bomani asubuhi,
nyingine ikapanda karibu na adhuhuri,
na katikati, kwa muda wa kuchemsha maharage,
mlingoti ulikuwa mtupu na sisi hatukuwa wa mtu.
Sikumbuki kama tulifurahi.
Nakumbuka kamba ikigongagonga mti.

Kapteni mpya alinibakiza kwenye meza ileile,
daftari lilelile, upande wa pili wa karatasi:
mbele kodi za Mdachi, nyuma amri za Mwingereza.
Asitembee mtu usiku bila taa.
Mwenye bunduki ailete. Mwenye baiskeli aiandikishe.
Noti za serikali iliyoshindwa hazipokelewi tena.
Nilizisoma barazani kwa sauti ya kukopa,
na mtu mmoja kule nyuma akauliza:
"Aliyeshindwa ni nani, sisi au wao?"
Nikageuza ukurasa
kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Siku ya tatu akaja Siwema binti Pazi, kutoka Gerezani,
amefunga fundo kwenye pindo la kanga.
Ndani ya fundo, noti kumi na saba za rupia mojamoja,
zilizochapwa humuhumu mjini wakati wa vita,
wino wa haraka,
sahihi imekaa upogo kama jino la mtoto.
Mshahara wa Feruzi, mumewe.
Feruzi mwenyewe yuko Rufiji, hajaambiwa kitu,
bado anapigania noti zile.

"Anasema nini?" aliuliza Kapteni.
Kiingereza changu hakijatimiza wiki mbili.
"Anasema hela."
"Hela ndiyo nini?"
Nikachora duara mezani kwa kidole,
kile kisarafu chao cha shaba, mia kwa rupia,
ambacho hata wao, waliokuja nacho,
hawakulitamka jina lake hivyo.
Akalitazama duara. Lilikuwa limeshakauka.
"Mwambie fedha hiyo imekufa."

Nikamwambia.
Siwema akauliza imezikwa wapi,
maana yeye ni mfiwa
na hakuna aliyemwita mazikoni.
Hilo sikulitafsiri.

Mvua za vuli zilipokatika nikamwona
nje ya kambi ya wapagazi, ameinama juu ya sinia la karanga.
Kila fungu amelisokota ndani ya noti,
ncha imekunjwa vizuri, tai wa Kaizari
amelowa mafuta mpaka unaona karanga kwa ndani.
Nilihesabu; tabia ya kazi.
Yalibaki manne.

Askari wa Kipunjabi akasimama, kilemba kimejaa vumbi la Morogoro.
Sijui nani alikuwa amemfundisha,
lakini lilikuwa neno lake la kwanza la nchi hii.
Akanyoosha kiganja, akasema:
"Hela ngapi?"

Siwema hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.
"Karani," akasema,
"mfasirie."