Oda ya Pili

Bwana Mfaume wa Gerezani, duka la vyuma,
salamu kutoka Pandambili, mashine ya Ndahani.
Springi uliyotuma ilifika Alhamisi
ndani ya buti la basi, imevishwa gazeti.
Nzuri. Inang'aa. Haifai.

Kosa si lako. Ni la futi ya fundi cherehani
na la shemeji yangu Yeremia, aliyeilaza ile ya zamani
juu ya gunia la uwele, akapima ncha kwa ncha,
akakupigia simu huku anatembea:
"Sentimita kumi na nane, kaka, nene kiasi."
Nene kiasi!
Hata kuku hanunuliwi kwa maelezo hayo.

Tulipoifunga ikaning'inia kama bawa lililovunjika.
Mkanda ukateleza juu ya puli, ukanuka,
unga ukatoka chenga,
na kina mama wa foleni wakabeba debe zao
wakavuka barabara kwenda kwa Chiwanga
bila kuaga.

Basi jana usiku nimekaa nayo mwenyewe,
ile iliyochoka, chini ya taa,
na kalipa ya kuazima kwa Loisi wa VETA
(kaniapisha: isidondoke, isilale na unga).
Nikaona kwamba springi iliyovutwa miaka tisa
haiulizwi urefu wake.
Itakudanganya bila nia mbaya.
Mapindo yameachana, mwanga unapita katikati;
na huo mwanga Yeremia aliupima,
akauagiza, nawe ukamuuzia.

Kwa hiyo futa kumi na nane. Andika hivi.

Waya, milimita tatu.
Nilipima penye mapindo manne karibu na kulabu
ambayo bado yameshikana, kama ndugu waliobaki kwao:
kumi na mbili, nikagawa kwa nne.
Kutu niliipangusa kwanza. Kutu nayo hutaka kuhesabiwa.

Upana, ishirini na nne, wa nje.
Wa ndani utautoa mwenyewe.

Mapindo, thelathini na moja.
Nimeweka alama ya chaki kila la kumi,
nimehesabu mara tatu, maana mara ya pili
mtoto aliniuliza daftari lake liko wapi
nikapata thelathini na mbili.

Sasa hesabu ya Loisi:
thelathini na moja mara tatu,
ongeza unene wa waya mmoja,
tisini na sita.
Huo ndio mwili wake siku ilipotoka dukani.
Nikausema kwa sauti, peke yangu: tisini na sita.
Ndahani alipoifunga, mimi ndiye niliyeshika tochi.
Sikuwahi kuiangalia. Nilikuwa naangalia mikono yake.

Ndani ya kulabu hadi ndani ya kulabu
iwe mia na thelathini na mbili.
Na sikiliza hapa: kulabu hazitazami pamoja.
Moja ikitazama mlango, ya pili inatazama paa,
zimepishana robo duara.
Ukileta zinazolingana nitazikunja kwa koleo,
na itakatika palepale nilipokunja.

Pini hadi pini, mkanda ukiwa umekazwa,
mia na hamsini na nane.
Nikivuta wenzo kusimamisha mashine,
mia na tisini. Haivuki hapo.

Pesa nimetuma, na ya nauli.
Mwambie kondakta aishushe Kibaigwa kwa muuza betri,
asiipitishe Dodoma kama ile ya kwanza,
iliyokwenda kulala Majengo siku mbili.

Ya zamani siitupi.
Imetundikwa msumarini, inashika ufunguo wa stoo,
na kwa kazi hiyo urefu wowote unatosha.

Ukiwa na shaka, piga namba hii.
Usimpigie Yeremia.