Jeti Ndogo

Bahi, Jumapili, saa nne. Upepo umeshaanza fujo.
Nimetandika gunia la mpunga kivulini mwa ukuta,
na juu yake sinia la mama, lile la enameli,
lenye ua jekundu na kovu jeusi ukingoni.
Hajui bado.

Honda ya baba imeegemea ukuta mwaka wa tatu.
Kuku wametaga kitini, buibui kahamia kwenye taa,
ubavuni herufi za Mifugo zimebaki tatu.
Aliinunua mnadani mwezi ule walipomstaafisha.
"Tumeanza kazi wote," alisema, "tutachakaa wote."
Pikipiki imechakaa kidogo tu.

Nafunga koki. Navuta mpira wa mafuta.
Nati mbili za kumi: moja imekubali,
moja inataka kubembelezwa, mafuta ya taa, subira,
kigongo cha nyundo, na tusi la Kigogo
ambalo sitalitafsiri.
Kabureta ikaniangukia kiganjani,
nzito kuliko nilivyodhani, baridi kama chura.

Skrubu nne za bakuli. Ya nne imeliwa kichwa,
kazi ya fundi mwenye bisibisi ya kuazima.
Nilifungua nikitarajia ukavu.
Kumbe yamo.
Petroli ya mwisho aliyonunua baba,
chupa mbili, kwa Mama Ndahani, ng'ambo ya reli,
imelala humo, kahawia, inanata
kama gundi ya mgunga.
Nikakaa nayo. Mtu huifanyaje petroli ya marehemu?
Nikaimwaga.
Udongo ukainywa bila hata kupiga hodi.

Floti nazitikisa sikioni: hazina maji tumboni.
Sindano ina mkwaruzo, nikajifanya sijauona.
Jeti kubwa nikaiinua juani,
nikaona mbingu sawa na punje ya uwele.
Jeti ndogo: giza.
Nikaipuliza, ladha ya petroli hadi kooni. Giza.
Nikailoweka, nikala kiporo cha ugali, nikarudi. Giza.

Chitema wa bodaboda akasimama, mguu mmoja chini,
akanichomolea uzi wa waya wa klachi:
"Pitisha huu tu, dada, mbona unajitesa?"
Nikakataa. Baba alikuwa akisema
chuma hupanua tundu, na tundu likipanuka
pikipiki hunywa kama mtu aliyeuza ng'ombe.
"Jeti haichomwi mkuki."
Chitema akacheka, akaondoka na vumbi lake.

Nikaingia chumbani. Usinga wa baba uko msumarini,
zawadi ya mfugaji wa Chali, mwaka wa homa ya mapafu,
kwa ndama kumi na mmoja waliosimama tena.
Nikang'oa singa moja.
Nikatazama mlangoni kama mwizi.

Ikapita.
Ikatokea upande wa pili na kitu
kidogo kuliko yai la chawa.
Ni hicho tu? Miaka mitatu kuku wanataga kitini,
mama akitembea kwa miguu hadi zahanati,
ni hicho tu?

Choki juu. Kiki ya kwanza kimya,
ya pili kimya, ya saba ikapiga chafya,
ya tisa, au ya kumi, kisigino kilishachubuka,
ikanguruma. Kuku wakatawanyika na matusi yao.

Mama akatoka jikoni mbio mbio
na bakuli la maji, kipande cha sabuni juu ya kidole gumba,
kama alivyotoka kila jioni kwa sauti hii.
Mikono yake ilikuwa imeitangulia akili.
Akafika nusu ya uwanja, akaniona mimi.
Maji yakacheza bakulini.
Akatazama chini.
"Mbeleje. Sinia langu."

Lakini akayaweka maji karibu yangu,
na hakurudi jikoni
mpaka Honda ilipozima yenyewe.

Inavuja. Tone, kisha tone, chini ya bakuli.
Ni ile sindano, nilijua.
Maduka ya vipuri mjini yamefungwa leo.
Nimefunga koki, nimenawa, harufu haijatoka.
Kesho nitafungua tena zile skrubu nne.
Ya nne nimeshaijua tabia.