Kamba ya Ng'ombe

Siku ya pili ya Krismasi, huku Mbale.
Chapati zimekwisha, soda zilizobaki ni za machungwa tu.
Shangazi Kageha akafungua kamba shingoni mwa ng'ombe,
akasema: "Wa Nakuru huku, wa nyumbani kule,"
akachora mstari kwa majivu.

Ami Egadwa akautazama mstari ule
kama anavyoutazama ule mwingine,
wa mikonge, kati ya shamba lake na la Kisia.
Mwaka wa nne huu hawasalimiani.

"Egadwa, Kisia, nyuma. Nyinyi ndio wazito."

Hakuna aliyecheka.
Kisha Vihenda akapiga mbinja kwa vidole viwili,
watoto wakatupa magunia, yai likaanguka kijikoni:
Vuta! Vuta weee!

Visigino vikachimba udongo mwekundu.
Raba za mjini zikateleza.
Mgongo wa Egadwa ukalala kifuani pa Kisia,
pumzi kwa pumzi, wakivuta,

kamba ikakatika.

Wote chali, rundo moja,
na chini kabisa sauti ya Kisia:
"Ondoa kiwiko, we mtu."

Maneno manne.
Tulikuwa tungali tunayahesabu
jirani alipoanza kupiga kelele:
ng'ombe yumo kwenye sukuma yake, anatafuna.